Kabla ya Kuificha Nyumba Kilimani, Uliza Maji Yanapita Wapi

Ndugu wasanifu majengo, wahandisi, mafundi, na ninyi mliokuja na michoro yenu kwapani mkitaka kuambiwa kama inajengeka, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nitazungumzia nyumba zinazojengwa ili zionekane kana kwamba zimeota mahali zilipo: zilizoingia ubavuni mwa kilima, zenye paa lililoota mimea, zenye kuta za jiwe lililochimbwa hatua chache kutoka mlangoni. Wataalamu huuita usanifu wa kioganiki. Aliyelivumisha neno hilo kuliko wote ni Mmarekani Frank Lloyd Wright, ambaye mwaka 1939 alilitolea mihadhara mizima jijini London. Mafundisho yake ni mengi na mengine yana majivuno, lakini moja linatosha kwa leo: nyumba isiwe juu ya kilima, iwe ya kilima. Makazi yake mwenyewe, Taliesin, aliyoanza kuyajenga Wisconsin mwaka 1911, hayakukaa kileleni. Yamezunguka ubavu, chini kidogo ya kilele, na kilele kikaachwa wazi.

Watu wakisikia hayo hukimbilia sura. Wanataka ukuta uliopinda, paa la nyasi, dirisha la mviringo. Mimi nasema sura ije mwisho. Ukishaamua maji yatapita wapi, udongo utakaa wapi na uzito utabebwa na nini, sura itajileta. Ukianza na sura, maji ndiyo yatakayoamua, na yenyewe hayashauriani na mtu.

Tuchukue mfano unaojulikana kuliko yote, nyumba ya Fallingwater, aliyoisanifu Wright mwaka 1935 juu ya kijito cha Bear Run, Pennsylvania, kwa ajili ya familia ya Kaufmann. Vibaraza vya zege vimechomoza juu ya maporomoko ya maji bila nguzo kwenye ncha zake. Mwamba wa mahali hapo umeachwa sebuleni, ukawa sakafu ya mbele ya meko. Mawe ya kuta yalichimbwa papo hapo. Ni nyumba nzuri, sina ubishi. Lakini kibaraza kikuu kilianza kushuka tangu siku mbao za kumwagia zege zilipotolewa, na kufikia miaka ya 1990 kilikuwa kimeinama karibu sentimita 18 katika urefu wa mita 4.6. Mwaka 1997 kikaegemezwa kwa chuma cha muda, na mwaka 2002 boriti zake zikakazwa kwa nyaya nene za chuma zilizovutwa kwa nguvu na kufungwa pande zote mbili.

Kisa kikubwa kilikuwa nondo za upande wa juu kutotosha, na hapa nataka mafundi wanisikilize. Slabu ya kawaida iliyolalia kuta mbili huvutika upande wa chini, ndiyo maana nondo kuu hukaa chini. Kibaraza kinachoning'inia kimegeuza mambo: kinavutika juu, kwa hiyo nondo kuu zikae juu. Sasa fikiria slabu ya sentimita 15, nondo zake za juu zikiwa sentimita 12 kutoka uso wa chini. Siku ya kumwaga zege watu wanapita juu yake na toroli, nondo zinazama sentimita 3. Kwa macho huoni kitu. Kwa hesabu umepoteza karibu robo ya nguvu ya kibaraza. Dawa yake ni viti vya nondo, vipande vya chuma vilivyopindwa kama farasi wa kitoto, kila baada ya sentimita 60 hadi 80, na mbao za kupitia ambazo hazigusi nondo. Na mbao za chini zinazoshikilia zege ziinuliwe kidogo kwenye ncha, ili kibaraza kikishuka kama ambavyo kila kibaraza hushuka, kiishie kuwa sawa na si kuwa mteremko.

Nimeanza na mfano huo makusudi. Nyumba inayoonekana imeota yenyewe ndiyo inayodai hesabu nyingi kuliko nyumba ya boksi barabarani.

Tuje kwenye kiwanja. Kabla ya mchoro wowote wa nyumba kuna mchoro wa ardhi: kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, za kila nusu mita, kila mwamba unaotokeza, kila mti na unene wa shina lake, na njia za maji. Njia za maji hazionekani siku ya jua. Nenda wakati mvua inanyesha, uchukue vijiti, uchomeke kila mahali maji yanapokusanyika na kila mahali yanapokata mkondo. Mvua ikiisha, pima vijiti vyako viingie kwenye ramani. Chimba shimo la mita 2 au zaidi pale unapofikiria kuweka msingi, ulizungushie uzio mtu asitumbukie, uliache msimu mzima wa mvua, na kila wiki uandike maji yamefika kina gani. Ni karatasi moja tu, lakini itakuambia kama chumba cha kuingia ardhini kinawezekana au ni ndoto.

Ardhi nayo ina dalili zake. Miti iliyopinda shinani kama ndoano halafu ikanyooka kwenda juu huonyesha udongo wa juu unatambaa polepole kuteremka. Matete au nyasi za majimaji katikati ya mteremko zinasema kuna chemchemi au maji yako karibu sana na uso. Nyufa zilizopinda kama mwezi mchanga upande wa juu wa mteremko ni habari mbaya kabisa: kipande hicho kimeanza kumeguka. Ukiziona hizo, mwite mtaalamu wa udongo kabla ya kumwita msanifu.

Halafu kuna ule mtego wa kukata na kujaza. Kiwanja cha mteremko kinakatwa upande wa juu, udongo unamwagwa upande wa chini, linapatikana tambarare, nyumba inawekwa katikati. Nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi iliyolala hapo maelfu ya miaka, nusu nyingine kwenye kifusi cha mwezi uliopita. Kifusi kitashuka, ardhi asilia haitashuka, na ukuta utapasuka kimshazari, mara nyingi kuanzia pembe ya dirisha. Kwa hiyo chagua: ama msingi wote ufike ardhi asilia hata kama upande mmoja utakuwa na nguzo ndefu, ama kifusi kitumike kwa bustani na tuta, siyo kubeba nyumba.

Nyumba ya pili ambayo Wright aliisanifia familia ya Jacobs huko Wisconsin, iliyokamilika mwaka 1948, inaonyesha matumizi mazuri ya udongo uliochimbwa. Ni nusu duara. Mbele kuna bustani iliyochimbwa ikazama, na udongo wake ukarundikwa nyuma ya nyumba kuwa tuta la kukinga upepo wa baridi, juu hadi karibu na madirisha ya ghorofa. Udongo uliotoka mbele ukapata kazi nyuma. Mkipanga hesabu kama hiyo kumbukeni udongo ukichimbuliwa huvimba: mita za ujazo 100 ardhini huwa 120 hadi 130 zikishalegea. Na zile sentimita 15 hadi 20 za juu, zenye rutuba na mbegu za mimea ya hapo, ziondoeni kwanza na mziweke kando kwa marundo yasiyozidi urefu wa mita 2. Rundo kubwa hukosa hewa ndani, na viumbe vinavyoupa udongo uhai hufa. Udongo huo ndio utakaorudi juu ya paa na tuta mwishoni, na mimea itakayoota ndiyo itakayofuta alama ya ujenzi. Ukinunua nyasi za kigeni za zulia utakuwa umepaka kilima rangi tu.

Kama mteremko ni mkali, tuseme unapanda mita 1 kila mita 3 au 4, mara nyingi ni busara kuacha kuchimba na kusimama juu ya nguzo. Maji, wadudu na mizizi vinapita chini kama kawaida. Msanifu Geoffrey Bawa alifanya hivyo kwa kiwango kikubwa Sri Lanka, katika hoteli ya Kandalama iliyofunguliwa miaka ya 1990: jengo refu, fremu ya zege imelizunguka jabali, na mimea imeachiwa ipande hadi jengo likatoweka. Si nyumba ya kuishi, najua, lakini funzo lake linafaa hata kwa vyumba viwili.

Sasa ukuta uliofukiwa. Hapa nitakaa.

Udongo wa kawaida una uzito wa kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Ukirundikwa nyuma ya ukuta wa mita 3, ukiwa mkavu, husukuma kwa mlalo takriban theluthi ya uzito huo. Chini kabisa mwa ukuta ni kama tani 1.8 kwa kila mita ya mraba, na ukijumlisha kutoka chini hadi juu ni tani 2.7 kwa kila mita moja ya ukuta kwenda mbele. Udongo uleule ukijaa maji hadi juu, jumla inafika tani 6. Ukuta ni uleule na kilima ni kilekile, ila mzigo umeongezeka zaidi ya mara mbili kwa sababu mtu amesahau bomba la kutolea maji au ameliweka kichwa chini. Na kwa ukuta wa nyumba, ambao juu umeshikwa na slabu usiweze kusogea hata kidogo, mhandisi hutumia nusu badala ya theluthi, kwa hiyo zidisheni tena.

Mpangilio, kutoka ukutani kwenda nje, ni huu. Uso wa zege usawazishwe, na matundu yaliyoachwa na waya za kufungia mbao za zege yazibwe. Pale ukuta unapokutana na msingi, jaza mota iliyoviringwa kama sentimita 5, maana utando wa kuzuia maji hauwezi kupinda pembe mraba bila kuchanika. Ndipo utando wenyewe, uliounganishwa kwa kupandiana sentimita 10 au zaidi. Juu yake bodi ngumu za polistairini za kuhami joto, ambazo pia zinaukinga utando usitobolewe na mawe. Halafu kokoto safi, upana wa sentimita 30, kutoka chini mpaka karibu na juu. Halafu kitambaa cha jiotekstaili kati ya kokoto na udongo ili tope lisiingie. Sentimita 30 hadi 40 za juu kabisa ziwe udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ukiteremka kwenda mbali na nyumba, angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza.

Chini ya kokoto kuna bomba la milimita 100 lenye matundu. Matundu yaangalie chini. Wengi huyaelekeza juu wakidhani maji yanaingia kama kwenye ndoo, kumbe maji hupanda kutoka chini ya kokoto, na bomba lenye matundu juu husubiri mpaka maji yalizamishe ndipo lianze kufanya kazi. Mteremko wake uwe sentimita 1 kila mita, na sehemu yake ya juu kabisa bado iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Kila kona weka bomba la kusimama lenye kifuniko, la kuingizia mpira wa kusafishia. Mwisho wa bomba utoke kwenye hewa, chini ya mteremko, mahali unapoweza kupaona. Kama kiwanja hakiruhusu maji kutoka yenyewe na mtu anakuambia ataweka pampu, mwulize pampu itafanya nini usiku wa dhoruba umeme ukikatika. Kwa maoni yangu, nyumba ya kufukiwa isiyoweza kutoa maji bila pampu isijengwe.

Tuna msemo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo umechukulia kwamba ufa utauona. Kwenye nyumba iliyofukiwa ufa uko upande wa pili, nyuma ya kokoto na mita 3 za udongo, na kuuziba ni kuchimba bustani nzima. Ndiyo maana nasema kazi ya ukuta huu isikabidhiwe kwa anayekwenda mbio.

Kurudisha udongo nako kuna makosa ya kila siku. Mafundi wana haraka, tingatinga limekuja leo na kesho halipo, ukuta una siku kumi, slabu ya juu haijamwagwa. Ukijaza hapo, ukuta umesimama kama mti, umeshikwa chini tu, wakati ulichorwa kushikwa chini na juu, na utainama au kupasuka chini. Subiri slabu imwagwe na zege ifikishe siku 28. Jaza kwa tabaka za sentimita 20, pande zote kwa pamoja, ushindilie kila tabaka kwa mashine ndogo ya mkono. Mashine nzito isikaribie ukuta ndani ya mita 1 na nusu.

Paa. Bati la kawaida halizidi kilo 5 au 6 kwa mita ya mraba. Udongo wa bustani wa sentimita 20, ukilowa, ni kama kilo 380. Paa la mita za mraba 60 linabeba basi tani 22 na ushei, kabla hujapanda juu yake wewe na wageni wako. Huwezi kuitaka nyumba hiyo baada ya kenchi kupandishwa. Kama uzito ni shida, tumia mchanganyiko mwepesi wenye mawe ya volkano yenye vinyweleo: sentimita 10 ukilowa ni kama kilo 120, na yatosha kwa mimea mifupi inayovumilia ukame. Vichaka vinataka sentimita 30 na zaidi. Miti ya juu ya paa mwachieni mwenye fedha na mhandisi mvumilivu.

Tabaka za paa kutoka chini: slabu yenye mteremko usiopungua sentimita 2 kwa mita, utando wa kuzuia maji, kizuizi cha mizizi, kitambaa cha kukinga, tabaka la kupitisha maji, jiotekstaili, udongo, mimea. Utando upande ukutani hadi sentimita 15 juu ya usawa wa udongo uliokamilika, siyo juu ya slabu. Kosa hili nalitaja kwa sababu mchoro huwa sahihi, kisha anakuja mtu wa bustani na kuongeza udongo sentimita 10, maji yanapita juu ya ukingo wa utando, yanashuka nyuma yake, na kila mtu anamlaumu aliyeweka utando. Kandokando ya paa, na kuzunguka kila tundu la kutolea maji, acheni ukanda wa kokoto tupu sentimita 30 hadi 50. Mizizi hutafuta maji, na tundu la maji ndilo la kwanza kuvamiwa. Matundu yawe angalau mawili. Moja likiziba, la pili liokoe paa.

Kabla ya udongo kupanda, jaribuni. Zibeni matundu, jazeni maji hadi kina cha sentimita 5, mradi mhandisi amethibitisha kwamba slabu inabeba, na myaache saa 48. Pigeni alama ya penseli kwenye ukuta wa ukingo, na palepale kando wekeni ndoo yenye maji, nayo itiwe alama ndani. Jua litakunywa maji ya paa na ya ndoo kwa kiasi kinachokaribiana. Ndoo ikishuka milimita 6 na paa likashuka milimita 6, hilo ni jua. Ndoo ikishuka 6 na paa likashuka 20, mna tundu, na bahati yenu mnalitafuta kwenye utando ulio wazi badala ya chini ya tani 22.

Mwanga na hewa nitavigusa kwa kifupi, ingawa ndivyo vinavyofanya watu wazikimbie nyumba hizi. Dirisha hulisha mwanga wa kutosha kwa kina cha mara 2 hadi 2 na nusu ya urefu wake kutoka sakafuni. Dirisha linaloishia mita 2.2 halitaangaza chumba cha mita 8. Kwa hiyo nyumba iliyoingia kilimani iwe nyembamba na ndefu, au iwe na ua. Villa Vals, iliyokamilika mwaka 2009 kwenye bonde la Vals nchini Uswisi, imefanya hivyo: nyumba yote iko ndani ya mteremko, uso wake umekatwa kama bakuli lililofunguka kuelekea bondeni, na vyumba vinapata mwanga kutoka kwenye ua huo. Njia ya kuingilia inapita ndani ya ghala la zamani, kisha chini ya ardhi.

Kuhusu unyevu, glasi ya maji baridi hutoka jasho mezani hata kama haivuji. Ukuta ulioshikana na ardhi hufanya vivyo hivyo hewa yenye mvuke inapougusa. Watu wakiona matone wanavunja lipu kutafuta maji yanapopenya, kumbe maji yametoka jikoni na bafuni. Kinga ni kuhami ukuta kwa nje, ili uso wa ndani usipoe mno, na kuwa na matundu ya hewa pande mbili zinazokabiliana, moja chini na jingine juu. Kabati lisibanwe kwenye ukuta uliofukiwa. Liache sentimita 5 nyuma yake. Na kila chumba cha kulala kiwe na njia ya pili ya kutokea, mlango au dirisha ambalo mtu mzima anapita. Kilima hakina mlango wa nyuma.

Miti. Kinachotakiwa kukingwa ni mizizi, na mizizi huenda mbali kuliko matawi mnavyodhani. Pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, zidisha kwa 12: mti wa sentimita 40 unahitaji duara la nusu kipenyo mita 4.8 lisilochimbwa, lisilopitiwa na lori, lisilorundikiwa saruji. Uzio uwekwe siku ya kwanza, kabla ya tofali la kwanza. Kumwaga udongo sentimita 15 juu ya mizizi kunaweza kuuua mti kwa kuukosesha hewa, na mti haufi siku hiyo. Hunyauka baada ya miaka miwili au mitatu, nyumba ikiwa imeshakabidhiwa. Wale wanaopenda mti upite katikati ya kibaraza, waache nafasi ya kutosha kuzunguka shina, na fremu ya nafasi hiyo iwe ya vipande vinavyofunguka, kwa sababu shina hunenepa na kuyumba.

Kuta za udongo wa kushindilia zinapatana sana na mandhari, kwani rangi yake ni ya ardhi yenyewe. Jaribu udongo wako kwenye chupa: theluthi udongo, maji yaliyobaki, tikisa, acha siku nzima, kisha pima tabaka. Ukipata mfinyanzi kati ya asilimia 10 na 30, na mchanga na changarawe ndivyo vingi, mmekaribia. Chukua konzi ya udongo uliolowanishwa, ukaze, uangushe kutoka usawa wa kifua: ukivunjika vipande vichache, maji yanatosha, ukisambaratika kabisa ni mkavu mno, ukibaki donge ni maji mengi. Tabaka legevu la sentimita 15 lishindiliwe hadi kama 10. Ukuta uinuke juu ya msingi wa jiwe wa sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, na upenu uwe mpana. Ukipiga lipu ya saruji juu ya udongo usiotiwa saruji utafungia unyevu ndani na lipu itabanduka na kipande cha ukuta. Tumieni chokaa au udongo.

Rangi nyingine zozote, za mbao, bati au chokaa, ziwe nzito kidogo kuliko rangi ya ardhi na zisimetemete. Jicho la mtu aliye mbali hunaswa na mng'ao kabla ya kunaswa na umbo.

Kuhusu kuta za mviringo, najua ndizo zinazopendwa. Msanifu Javier Senosiain alijenga nyumba yake Naucalpan, Meksiko, mwaka 1985 kama tumbo la ardhi: kiunzi cha nondo na nyavu, zege nyembamba juu yake, kisha udongo na nyasi. Njia hiyo hutumia tabaka kadhaa za wavu wa kuku zilizofungwa kwenye nondo nyembamba, na mota ya saruji 1 kwa mchanga 2, unene wa sentimita 3 hadi 5. Udhaifu wake upo kwenye mota yenye maji mengi na wavu usiofunikwa vizuri: chuma kikiwa karibu mno na uso, kutu huanza na lipu hudondoka kwa vigamba. Inyunyiziwe na kufunikwa magunia mabichi angalau siku 7. Ushauri wangu ni kupinda ukuta pale udongo unaposukuma, maana tao lililouelekezea kilima mgongo hubeba kwa nguvu kuliko ukuta ulionyooka, na kunyoosha pale kitanda na kabati vitakapokaa. Hakuna seremala anayefurahia kabati la duara, na bei yake itawaonyesha.

Mkikabidhi nyumba ya namna hii, kabidhini na picha za kila bomba kabla halijafukiwa, utepe wa kupimia ukionekana ndani ya picha, kutoka kwenye kona isiyohama. Mara mbili kwa mwaka wenyeji wafungue vifuniko vya kona, waondoe majani kwenye matundu ya paa na kung'oa miche ya miti iliyoota humo. Kabla ya msimu wa mvua, mmoja aingize mpira wa maji kwenye bomba la kusimama la upande wa juu na kuuacha utiririke nusu saa, mwingine akasimame pale bomba linapotokea chini ya mteremko. Maji yasipofika, kuna palipoziba. Yakifika na tope, jiotekstaili imechanika mahali fulani, na hapo mtaanza kuchimba kwa kufuata zile picha.